KUCHAGUA VANTILATERE YA PLAFO: TUPIME CHUMBA KWANZA



Katika gazeti letu la leo, sisi wanafunzi wa mwaka wa tano wa umeme tunapenda kuwaeleza neno moja ambalo watu wengi wa Uvira wanatuuliza kila mwaka, mwezi wa tisa na wa kumi unapofika: namna gani kuchagua vantilatere ya kutundika kwenye plafo ya nyumba. Kila mutu anajua joto ya muji wetu. Uvira iko pembeni ya ziwa Tanganyika, karibu metre 780 juu ya bahari, lakini wandugu wetu wa Bukavu wako karibu metre 1500. Wao wanalala na blanketi, sisi tunalala na milango wazi.

Kilichotusukuma kuandika ni hiki. Papa mulinzi wa masomo alikuja kwa mwalimu wetu na karatasi mukononi. Mtoto wake anayefanya kazi mbali alikuwa amemutumia franga za kununua vantilatere, kwa ajili ya mama muzee wa Papa. Mama huyu ana ugonjwa wa kupooza upande mmoja. Analala kitandani usiku na muchana, hawezi kujigeuza peke yake, na joto inamuletea vidonda mugongoni. Papa alikwisha kuona kitu sokoni: vantilatere ya rangi ya dhahabu, mabawa matano, taa nne chini yake. Kwenye karatasi alikuwa ameandika bei. Akauliza: «Mwalimu, hii iko muzuri?»

Mwalimu hakujibu. Alitupa metre na kalamu, akatuma watu saba nyumbani kwa Papa. Alisema: «Mupime kwanza, kisha mutaniambia.» Yafuatayo ni yale tuliyopima na tuliyojifunza.

1. VANTILATERE INAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi wanafikiri vantilatere inapunguza joto ya chumba. Hapana. Haipunguzi hata kidogo. Ukitia termometre katika chumba kilichofungwa, ukiwasha vantilatere saa nzima, utakuta joto ni ile ile, ao imepanda kidogo, sababu motere nayo inatoa joto yake.

Kinachopoa ni mwili wa mutu. Mwili wetu una joto ya digri 37 ndani, na ngozi iko chini yake kidogo. Karibu na ngozi kuna hewa ambayo mwili umekwisha kuipasha, na jasho ambalo linataka kukauka. Upepo unaondoa ile hewa ya moto na kukausha jasho. Jasho likikauka, linaondoka na joto ya mwili. Ni sawasawa na mutu anayetoka ziwani: upepo ukimupiga anatetemeka, hata jua likiwaka.

Kutokana na hiyo tunapata mambo mawili. La kwanza: mutu akitoka katika chumba, azime vantilatere. Kupulizia kitanda kitupu ni kutupa umeme bure. La pili: upepo lazima umufikie mutu. Vantilatere ikiwa katikati ya chumba na kitanda kiko kwenye pembe nyuma ya kabati, mutu atasikia sauti tu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mashine, uliza mutu analala wapi.

Tuongeze neno moja juu ya historia. Kwa Wahindi, zamani, palikuwa kitambaa kikubwa kilichotundikwa juu ya nyumba, na mutu mmoja alikivuta kwa kamba siku nzima ili mabwana wapate upepo. Kitu hicho kiliitwa panka. Ndiyo sababu wandugu wetu wa Tanzania mpaka leo wanaita vantilatere «panka» ao «pangaboi». Katika miaka ya 1880, fundi mumoja wa Marekani aliyezaliwa Udachi, Philip Diehl, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyerehani cha Singer, alitundika motere ya umeme kwenye plafo na kuitia mabawa. Tangu hapo kamba imepumzika, na mutu wa kuvuta kamba pia.

2. TUANZIE JUU: MANJANJA NA PLAFO

Tulipoingia katika chumba cha Mama Muzee ilikuwa saa nane ya muchana. Mumoja wetu alipanda juu ya kiti, akagusa plafo ya tripleksi kwa mukono. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Nyumba ina manjanja. Jua linapasha manjanja, manjanja yanapasha hewa iliyo kati yake na plafo, na hewa hiyo haina njia ya kutoka. Inakaa pale mpaka saa nne ya usiku. Sasa, hewa ya moto inapenda kukaa juu ya chumba. Ukitundika vantilatere chini ya plafo ya namna hii, madirisha yamefungwa, itachukua ile hewa ya moto ya juu na kuimwaga juu ya mugonjwa. Papa angesema: «Franga zangu zimekwenda bure, vantilatere haina nguvu.» Kumbe kosa si la vantilatere.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza halikuhusu kununua. Tulimwambia Papa afungue matundu kwenye kuta mbili za pembeni, chini ya manjanja kabisa, upande huu na upande ule, ili hewa ipite juu ya plafo na kutoka. Atie waya wa kuzuia popo na panya. Tena aondoe mbao zilizofunga dirisha la pili la chumba. Kazi hii ilihitaji nyundo, patasi na siku moja. Siku iliyofuata tulipogusa plafo saa ile ile, ilikuwa bado na joto, lakini mukono uliweza kukaa.

Tunaomba wasomaji walikumbuke neno hili: matundu yanatangulia, vantilatere inafuata.

3. UREFU WA CHUMBA

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanaangalia uzuri sokoni, hawajui plafo yao iko metre ngapi.

Sheria tuliyofundishwa ni hii: mabawa yawe juu ya sakafu kwa metre 2 na sentimetre 30, si chini ya hapo. Mutu mrefu akiinua mukono wakati wa kuvaa shati, tayari anakaribia. Mama akibeba beseni juu ya kichwa, ni vile vile. Tena mabawa yasibanane na plafo. Yakiwa karibu sana, hewa ya kutoka juu haipati njia, na vantilatere inazunguka bila kutoa upepo. Inafaa pabaki sentimetre 20 mpaka 30 kati ya mabawa na plafo.

Tufanye hesabu. Ukitaka 2.30 chini na 0.30 juu, plafo yako lazima iwe na metre 2.60 kwa uchache. Nyumba yenye plafo ya metre 2.40 inakataa vantilatere ya plafo. Nunua ile ya kusimama ao ya ukutani, yenye kikapu cha waya mbele, nawe utalala muzuri tu.

Chumba cha Mama Muzee: tulipima mara tatu tukapata metre 2.65. Tukarudi sokoni kupima ile ya dhahabu. Kutoka kwa kulabu mpaka mabawa: sentimetre 45. Basi mabawa yangekuwa metre 2.20 juu ya sakafu, na zile taa nne chini zaidi, karibu metre 2. Papa mwenyewe ni mutu mrefu. Tulimwomba asimame na kuinua mukono, mwalimu akamwonyesha mahali mabawa yangepita. Papa akanyamaza. Kisha akasema: «Watoto wangu, mimi niliuliza vantilatere, hamukuniambia kama kuna mahesabu.» Tulicheka wote, naye pia.

Lakini kuna zingine zenye chuma kifupi cha kutundikia. Tulipata moja ya sentimetre 30. Hesabu: 2.65 kutoa 0.30 ni 2.35. Hiyo inakubalika.

4. UPANA WA MABAWA

Vantilatere za plafo zinapimwa kutoka ncha ya bawa moja mpaka upande wa pili wa muzunguko. Wachuuzi wanataja inchi, sababu bidhaa nyingi zinaandikwa hivyo. Hizi ndizo za kawaida:

- inchi 36, yaani sentimetre 90: chumba kidogo, mpaka metre za mraba 9 hivi;
- inchi 42, yaani sentimetre 105: kutoka 9 mpaka 12;
- inchi 48, yaani sentimetre 120: kutoka 12 mpaka 16;
- inchi 56, yaani sentimetre 140: salo kubwa, kutoka 16 mpaka 24.

Chumba kirefu sana kama darasa ao kanisa, ni afazali kutia mbili ao tatu kuliko moja kubwa katikati. Tena, kutoka ncha ya bawa mpaka ukuta, kabati ao pazia, pabaki sentimetre 50 kwa uchache.

Chumba cha Mama Muzee kina metre 3 kwa 3.50, ni metre za mraba 10 na nusu. Ile ya dhahabu ilikuwa ya sentimetre 140. Kwa mugonjwa asiyeweza kujifunika mwenyewe, upepo ule ungekuwa mateso mengine. Ya sentimetre 105 inatosha.

5. WATOTO NA KITANDA CHA JUU

Neno hili tunaliandika kwa uzito, na tunaomba kila mwanafunzi alisome nyumbani mbele ya wazazi.

Watoto wa Papa, walipoona tunapima, walikuja kutuvuta: «Na sisi mutupimie chumba chetu!» Chumba chao kina metre 3 kwa metre 3, na plafo ile ile ya 2.65. Ndani kuna vitanda viwili vya kupandana, kila kimoja ukutani, upande huu na upande ule. Tulipima godoro la juu: liko metre 1.50. Mtoto akikaa juu yake, kutoka godoro mpaka kichwa ni karibu sentimetre 80. Jumlisha: 2.30. Mabawa yangekuwa 2.35. Yaani kati ya nywele za mtoto na mabawa pangekuwa sentimetre 5 za urefu.

Mutu atasema: lakini mabawa yako katikati, mtoto yuko pembeni. Tuhesabu tena. Chumba kina sentimetre 300. Vantilatere ina 105. Toa, panabaki 195; gawanya kwa mbili, ni 97 na nusu kila upande. Kitanda kina upana wa sentimetre 90. Basi kati ya ukingo wa kitanda na ncha ya bawa pangebaki sentimetre 7 na nusu. Mtoto akinyoosha mukono asubuhi, akipiga miayo, mukono umeingia.

Na bawa hilo linakwenda mwendo gani? Vantilatere ya sentimetre 140 inazunguka karibu mara 320 katika dakika moja. Kila muzunguko, ncha inatembea metre 4 na sentimetre 40. Ukizidisha, utapata kilometre 84 kwa saa. Ni mwendo wa gari kwenye barabara muzuri. Ile ndogo ina mabawa mafupi, lakini mara nyingi inazunguka mbio zaidi, kwa hiyo tusiidharau. Bawa la chuma kwa mwendo huo linapasua kichwa ao kukata vidole.

Watoto walihuzunika tulipowaambia hapana. Mudogo wao alilia. Tulisikia vibaya, lakini hatukubadilisha hesabu. Tulimwambia Papa: kwa chumba hiki, ukipata franga siku nyingine, nunua ile ya ukutani yenye kikapu. Kwa sasa uwafungulie dirisha.

6. CHANDARUA

Usiku vantilatere inawasumbua mbu, sababu mbu ni wadhaifu mbele ya upepo. Lakini haiwaondoi wote, na umeme ukikatika saa saba ya usiku wanarudi mara moja. Malaria haijali kama una vantilatere. Kwa hiyo mustikere inabaki pale pale.

Sasa kuna hatari ambayo wengi hawaifikiri. Mustikere za muviringo zinatundikwa kwa kamba moja kutoka plafo. Ukiweka vantilatere karibu, upepo unainua kitambaa, bawa linakikamata, linazungusha kamba na kuvuta vyote. Tumia mustikere ya pembe nne, funga kamba zake nne kwenye kuta, chini ya mabawa kabisa, na ukunje miguu yake vizuri chini ya godoro. Tena mujue kwamba nyuzi za mustikere zinapunguza upepo. Ndiyo sababu kitanda kisiwe mbali sana na vantilatere.

7. MOTERE, UMEME NA BATRI

Kila vantilatere ina kibao kidogo kwenye motere ao kwenye kartoni. Usinunue kabla ya kukisoma.

a) Volti. Kwetu ni volti 220, hertzi 50. Mashine zilizotumika Marekani zina volti 120 na hertzi 60. Ukiitia moja kwa moja kwenye umeme wetu itatoa moshi mara moja. Zile zinazopita Dar es Salaam na Kigoma zikiwa zimetengenezwa kwa soko la Tanzania hazina shida, sababu umeme wao unafanana na wetu.

b) Wati. Kuna motere za namna mbili. Za zamani, zenye kondasatere, zinakula wati 50 mpaka 80 kufuata ukubwa. Za sasa, zenye sumaku na elektroniki ndani, mara nyingi na telekomande, zinakula karibu wati 30 kwa upepo ule ule. Ile ya dhahabu iliandikwa wati 75, pasipo taa. Saa nane kila usiku ni wati-saa 600. Siku 30 ni kilowati-saa 18. Ya wati 30, kwa saa zile zile, inakula kilowati-saa 7.2 tu kwa mwezi.

c) Batri. Papa ana pano ya jua na batri moja ya volti 12, Ah 100. Kwa hesabu batri hiyo ina wati-saa 1200. Lakini batri ya risasi haifai kumalizwa. Ukitumia zaidi ya nusu kila usiku, itakufa haraka. Basi tuna 600. Konvertisere nayo inakula sehemu yake, tuseme 15 kwa mia. Panabaki 510. Gawanya: ya wati 75 itazunguka karibu saa 7, na taa zote za nyumba zimezimwa. Ya wati 55, saa 9. Ya wati 30, saa 17. Kwa mugonjwa anayelala muchana na usiku, tofauti hii ni kubwa kuliko rangi ya dhahabu.

d) Umeme unaoshuka. Jioni, nyumba nyingi zikiwasha pamoja, mara nyingine volti zinashuka mpaka 170. Nguvu ya motere ya zamani inafuata mraba wa volti: 170 gawanya kwa 220, uzidishe jibu kwa lenyewe, utapata kama 0.60. Yaani motere inabaki na sehemu 6 kati ya 10 za nguvu yake. Ndiyo sababu vantilatere nyingi zinazunguka kama mutu aliyechoka. Nyingi za zile mpya zinavumilia, lakini zinaogopa kitu kingine: umeme ukirudi kwa ghafula baada ya kukatika, unaweza kuchoma elektroniki. Desturi muzuri ni kuzima kwenye interuptere umeme unapokatika, na kungoja dakika chache unaporudi.

e) Matengenezo. Ile ya zamani ikianza kuzunguka polepole hata kama volti ni kamili, ao ikingoja kusukumwa kwa fimbo, mara nyingi ni kondasatere imechoka. Ni kitu kidogo cha mikrofaradi 2 ao 3, bei yake ndogo. Usitupe motere. Soma hesabu iliyoandikwa juu yake, nunua nyingine ya namna ile ile. Kwa ile ya elektroniki, uliza muchuuzi kabla ya kulipa: kipande kikiharibika, kinapatikana hapa? Akikwepa jibu, jua maana yake.

8. MABAWA MANGAPI? NA TAA?

Watu wanafikiri mabawa matano yanatoa upepo kuliko matatu. Hapana. Nguvu ya upepo inatoka kwa motere, kwa upana wa mabawa, na kwa namna yalivyopindwa. Bawa lililo bapa kama meza linakata hewa bila kuisukuma. Bawa lililopindwa vizuri, digri 12 mpaka 14 hivi, linaisukuma chini. Mabawa mengi yanaweza kupunguza kelele, lakini yanaongeza uzito. Mabawa matatu ya chuma ao aluminiamu yanatosha. Mabawa ya mbao nyepesi iliyobandikwa yanavimba kwa unyevu wa ziwa na kuanza kuinama. Basi vantilatere inatikisika.

Taa zilizo chini ya vantilatere zinashusha kila kitu na kuvutia wadudu juu ya kitanda. Taa iwe ukutani.

9. KUTUNDIKA

Vantilatere ina kilo 4 mpaka 6, nayo inatikisika miaka mingi. Tripleksi ya plafo haiwezi kuibeba, hata kwa siku moja. Kulabu lazima iingie katika muti wa paa wenyewe, ao katika boriti uliyoongeza kati ya miti miwili, kwa bulo inayopita ngambo na ekru mbili. Si kwa misumari. Katika nyumba ya Papa hapakuwa muti mahali palipotakiwa, kwa hiyo tulitia boriti mupya. Kisha tulitundika gunia la muchanga wa kilo 40 kwenye kulabu, tukaliacha usiku mzima na muchana wake. Halikusogea. Hapo tu ndipo tulifungua kartoni.

Mambo mengine mafupi:
- Zimeni disjonctere kabla ya kugusa waya, na mujaribu kwa turnevise ya taa kama kweli umeme umekwisha.
- Interuptere ikate waya wa faze. Ikikata neutre, mabawa yatasimama lakini umeme utabaki juu, ukimungoja mutu wa kupangusa vumbi.
- Waya wa udongo ufungwe kwenye mwili wa chuma, kama nyumba inao.
- Vantilatere isibebwe na waya wa umeme hata kidogo. Ibebwe na kulabu. Kipini cha kuzuia bulo isitoke kisisahauliwe.
- Ikitikisika, zima. Pima kutoka ncha ya kila bawa mpaka plafo, ziwe sawa. Kaza vise zote. Kila miezi mitatu pangusa vumbi, sababu vumbi ikikaa bawa moja kuliko lingine inaharibu usawa.

10. MWISHO WA HABARI

Papa alikwenda sokoni pamoja na wawili wetu. Alisimama tena mbele ya ile ya dhahabu, akaiangalia sana. Muchuuzi alimwita «Papa mukubwa» na kumupunguzia bei. Lakini Papa alitoa metre mufukoni, ile metre yetu, akaomba nyingine: nyeupe, mabawa matatu, sentimetre 105, chuma kifupi, wati 30, volti 220. Bei ilikuwa chini kidogo. Kwa franga zilizobaki alinunua boriti, bulo na mustikere ya pembe nne.

Tuliitundika siku ya posho asubuhi, siyo katikati ya chumba, ila juu ya upande wa miguu ya Mama, ili upepo usimupige usoni. Mwalimu alipima kila kitu tena kabla ya kuruhusu umeme. Tulipoiwasha kwa namba ya tatu, Mama Muzee alifungua macho, akaangalia juu, akasema polepole: «Watoto wangu, mupunguze. Munataka kunipeleka Bukavu?» Tukaitia kwenye namba ya kwanza. Alilala.

Ndugu wasomaji, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, munakuta agizo kwa mutu anayejenga nyumba mupya: atie ukuta mudogo pembeni ya dari yake, ili mutu asianguke na damu isiwe juu ya nyumba. Sisi hatukai juu ya dari zetu, lakini agizo linatuhusu. Mutu anayeweka kitu juu ya vichwa vya jamaa yake, kwanza apime. Metre iko katika shamba la kazi letu, na wanafunzi wa mwaka wa tano wako tayari kuja nyumbani kwa yeyote wa masomo haya anayetaka kupimiwa chumba, siku ya posho, bila malipo. Mutupatie tu maji ya kunywa.

Tunabaki ndugu zenu,
Wanafunzi wa mwaka wa tano, kitengo cha umeme.